Taasisi za Serikali Mbele ya Bunge: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa namna tatu: watumishi waliokabidhiwa kazi ya kuandaa taarifa ya taasisi yao, wasaidizi wa wabunge wanaozipokea taarifa hizo, na wananchi wanaotaka kujua ziliishia wapi. Majina ya ofisi hutofautiana nchi hadi nchi, ila kazi ni ileile. Waliopewa mamlaka na fedha wanaeleza walivyovitumia, kwa maandishi na kwa wakati, mbele ya chombo kilichowapa.

Taasisi yetu ina bodi, na ina waziri. Kwa nini tena Bunge?

Kwa sababu mamlaka na fedha vyote vilitoka bungeni. Sheria iliyoianzisha taasisi ilipitishwa na Bunge, na bajeti inayolipa mishahara yake hupitishwa na Bunge kila mwaka. Bodi inasimamia uendeshaji, waziri anasimamia sera. Bunge haliendeshi taasisi na halipaswi kujaribu. Linachouliza ni kama jambo lililokusudiwa na sheria ndilo linalofanyika, na kama fedha ilikwenda kule ilikopangwa kwenda.

Katiba nyingi zinalisema hili wazi. Ibara ya 63 ya Katiba ya Tanzania inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inampa mbunge haki ya kumuuliza waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 153, inawataka mawaziri wapeleke bungeni taarifa kamili, tena za mara kwa mara, kuhusu mambo yaliyo chini yao. Nimewahi kuwasikia watumishi wakiiita taarifa ya mwaka "ile ya wabunge", kana kwamba ni hisani. Ni deni la kisheria, na lina tarehe ya kulipwa.

Ni taarifa zipi hasa zinazodaiwa?

Anza na sheria iliyoianzisha taasisi yako. Humo kwa kawaida kuna kifungu kinachodai taarifa ya mwaka ya utendaji pamoja na hesabu zilizokaguliwa. Kisha fungua sheria ya fedha za umma, ambako utakuta taarifa za utekelezaji wa bajeti, mara nyingi za kila robo mwaka. Baada ya hapo kuna kundi linalosahaulika kuliko yote: taarifa zinazodaiwa na sheria nyingine kabisa. Sheria ya ununuzi inaweza kudai taarifa yake, ya mazingira yake, na sheria ya bajeti ya mwaka husika inaweza kuweka sharti kwamba fedha ya mradi fulani itolewe baada ya taarifa fulani kufika kwenye kamati.

Kuna pia zinazozaliwa ndani ya Bunge lenyewe. Kamati inaweza kuagiza maelezo ndani ya wiki 2. Bunge linaweza kupitisha azimio. Waziri anaweza kutoa ahadi akijibu swali, na ahadi hiyo ikaingia kwenye Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni. Taasisi ikiona kauli ya waziri haiihusu kwa sababu haikuandikwa kwenye sheria, itajikuta mwaka unaofuata ikiulizwa ahadi hiyo neno kwa neno.

Ushauri wangu kwa taasisi yoyote ni kutengeneza daftari moja la madeni haya: nani ameagiza, kwa kifungu gani, kwa tarehe ipi, na nani ndani ya ofisi anaandika. Nafahamu ofisi ambazo hazijawahi kuwa na orodha hiyo, na kila anapostaafu mtumishi mmoja, kumbukumbu ya nusu ya madeni huondoka naye.

Anayewajibika ni waziri au mkuu wa taasisi?

Wote, lakini kwa mambo tofauti. Waziri anajibu kwa sera na kwa maamuzi ya kisiasa. Kwa matumizi ya fedha kuna afisa masuuli, ambaye kwa kawaida ni katibu mkuu wa wizara au mtendaji mkuu wa taasisi, na yeye anawajibika kwa jina lake. Ibara ya 226 ya Katiba ya Kenya inasema afisa huyo anawajibika kwa Bunge la Taifa kwa usimamizi wa fedha za taasisi yake.

Mpango huu una asili ndefu. Uingereza iliunda Kamati ya Hesabu za Serikali mwaka 1861, William Gladstone akiwa Waziri wa Fedha, na sheria ya 1866 ikazitaka idara zitayarishe hesabu zikaguliwe na kufikishwa bungeni. Kutokana na hapo ilikua desturi ya afisa masuuli kuketi mbele ya kamati na kujibu yeye mwenyewe. Uingereza hadi leo ina utaratibu ninaouona wa thamani kubwa: afisa masuuli akiona agizo la waziri halina uhalali au ni ubadhirifu, anaomba aandikiwe agizo rasmi. Akiandikiwa analitekeleza, lakini karatasi inapelekwa kwa mkaguzi mkuu, na kamati inajua uamuzi ulikuwa wa nani. Penye utaratibu kama huo mtumishi mwaminifu ana pa kusimama. Pasipo nao, wawili hao wanasukumiana lawama mbele ya kamati na mwananchi haambulii kitu.

"Kuweka mezani" maana yake nini?

Ni kuiwasilisha hati rasmi bungeni kwa kuiweka juu ya meza ya Bunge, iwe karatasi yenyewe au nakala ya kielektroniki. Tangu hapo hati imeingia kwenye kumbukumbu za Bunge, mbunge yeyote anaweza kuirejea katika mjadala, na Spika anaweza kuipeleka kwenye kamati. Taarifa iliyomfikia waziri ikabaki mezani kwa waziri haijawekwa mezani. Meza ni mbili tofauti.

Taarifa ipitie njia gani kutoka ofisini kwetu hadi kwa kamati?

Fuata kile sheria yako inachosema, maana njia ni zaidi ya moja. Ya kawaida ni hii: mkuu wa taasisi anatia saini, bodi inapitisha, waziri anapokea, kisha wizara inapeleka kwa Katibu wa Bunge, naye anamfikishia Spika, ambaye huielekeza kwenye kamati ya kisekta au ya hesabu. Vyombo huru, kama tume za kikatiba na mkaguzi mkuu, mara nyingi vina njia fupi zaidi ili wanaochunguzwa wasiwe walinzi wa mlango. Katiba ya Tanzania, Ibara ya 143, imeliona hilo kwa namna ya kupendeza. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, anamkabidhi Rais ripoti yake, na Rais anaagiza iwasilishwe bungeni ndani ya siku 7 tangu kuanza kwa kikao cha kwanza kinachofuata. Hilo lisipofanyika, CAG anaipeleka mwenyewe kwa Spika.

Usimpe mbunge mmoja nakala kabla ya Bunge, hata akiwa mwenyekiti wa kamati na hata akiomba kwa wema. Wabunge wengine wakiisoma taarifa magazetini kabla haijafika kwao, mjadala utahusu uvujaji na yaliyomo yatasahaulika. Na ukishaiwasilisha, dai risiti, yaani nakala iliyopigwa mhuri au ujumbe wa kupokelewa. Siku utakayoambiwa hukuleta taarifa, karatasi hiyo itakutetea.

Nani anafuatilia tarehe za mwisho, na zikipita inakuwaje?

Tarehe nyingi zimewekwa kama mnyororo, pete moja ikichelewa zote zinachelewa. Kenya, mkaguzi mkuu anatakiwa akague na kutoa ripoti ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha, na Bunge au bunge la kaunti lina miezi 3 tangu kuipokea ripoti kuijadili na kuchukua hatua. Tanzania, ukaguzi wa serikali hukamilishwa ndani ya miezi 9, ndiyo maana ripoti za CAG huonekana mwishoni mwa Machi. Taasisi ikichelewesha hesabu zake kwa miezi 2, miezi hiyo anaibeba mkaguzi, kisha kamati, na mwishowe wabunge wanajadili matumizi ya mwaka ambao watumishi waliohusika walishahamishwa.

Adhabu hutofautiana. Kuna sheria zinazozuia fedha na nyingine zinazotaja kosa, lakini nyingi hazisemi kitu, na hapo silaha pekee ya Bunge ni aibu na bajeti ijayo. Kama mnajua mtachelewa, andikeni barua kabla ya tarehe kufika. Iwe ya nusu ukurasa: taarifa ipi, sababu ya kweli, siku itakayofika, na kile ambacho tayari kipo na kinaweza kutolewa sasa. Barua hiyohiyo ikiandikwa siku 10 baada ya tarehe, hakuna atakayeisoma kwa huruma.

Taarifa nzuri ikoje?

Hapa ndipo ningependa watumishi wenzangu watumie muda mwingi, kwa sababu hapa ndipo taarifa nyingi hufa. Msomaji wako ni mbunge mwenye kurasa mamia za kusoma wiki hiyo, pamoja na msaidizi wake au mtaalamu wa kamati ambaye ndiye atakayesoma kwa makini na kuandika maswali. Waandikie hao wawili.

Weka lengo, matokeo na sababu kwenye mstari mmoja. Ukisema visima 140 vimechimbwa, sema pia vilipangwa vingapi, mwaka jana vilikuwa vingapi, na vinavyotoa maji leo ni vingapi. Nambari ya mwisho ndiyo swali lenyewe, na ndiyo inayokosekana mara nyingi. Mkibadili namna ya kupima, semeni mmebadili na mtoe takwimu kwa njia zote mbili, la sivyo atakayelinganisha miaka miwili atadhani mmeboresha wakati mmehamisha mstari tu.

Habari mbaya iwe ukurasa wa kwanza. Mradi uliokwama, hasara, kesi mliyoshindwa, mfumo uliozimika: viseme mwenyewe, kwa sentensi nyepesi, pamoja na hatua mliyochukua. Kamati ikigundua yenyewe kwenye kiambatisho cha nne, kila nambari nyingine mliyoandika itatiliwa shaka, hata zilizo sahihi.

Kuna maneno ambayo ningeyaondoa kabisa kwenye taarifa hizi. "Mchakato unaendelea." "Lipo katika hatua za mwisho." "Linafanyiwa kazi." Kila moja linaweza kuwa kweli kwa miaka 6 mfululizo bila jambo kusogea. Mahali pake andika hatua: zabuni ilitangazwa mwezi fulani, ilikatiwa rufaa, rufaa itasikilizwa mwezi fulani, mkataba hautasainiwa kabla ya hapo. Ni sentensi ndefu kidogo, lakini mtu anaweza kurudi kuihakiki.

Hakikisheni pia takwimu zenu zinafanana na za hesabu zilizokaguliwa. Zikitofautiana kwa sababu halali, kwa mfano moja ni fedha iliyotolewa na nyingine ni fedha iliyotumika, elezeni palepale. Na kila taarifa ya mwaka iwe na jedwali la maagizo ya Bunge ya mwaka uliopita: agizo, kilichofanyika, kisichofanyika na kwa nini. Nikiambiwa nichague ukurasa mmoja tu wa taarifa yoyote, nitachagua huo.

Tumeitwa kwenye kamati. Aende nani, na tujiandae vipi?

Aende anayejua, pamoja na anayewajibika. Mkuu wa taasisi akituma naibu wa naibu, kamati nyingi hukataa kumsikiliza na kuahirisha kikao. Akija peke yake bila mhasibu na bila mtu wa mradi, atasema "nitaleta majibu" mara 9 ndani ya saa moja.

Someni kwanza Hansadi ya vikao vilivyopita na taarifa ya mwisho ya kamati hiyo kuhusu ninyi. Maswali ya safari hii huanzia pale ya safari ile yalipoishia. Pelekeni maelezo ya maandishi mapema, kwa siku ambazo kanuni za kudumu au barua ya wito imetaja, ili wataalamu wa kamati wapate muda nayo. Kupeleka furushi la kurasa 300 asubuhi ya kikao ni njia ya kuzuia maswali, na wajumbe wanaitambua.

Ndani ya ukumbi mambo ni machache. Sema kupitia kwa mwenyekiti. Jibu swali lililoulizwa, kwanza kwa jibu lenyewe: ndiyo, hapana, au nambari. Maelezo yafuate. Kama hujui, sema hujui, taja siku utakayoleta jibu la maandishi, na mwache katibu wa kamati aiandike. Usikisie nambari. Kikao kinarekodiwa, na kukisia kwa nia njema hakutofautiani kwenye Hansadi na kudanganya.

Mbunge akipandisha sauti, jibu lako lisipande. Yeye amebeba hasira za watu walioshindwa kumfikia mtu mwingine yeyote, na mara nyingi katikati ya maneno makali kuna taarifa ya kweli kutoka jimboni ambayo mifumo yenu haikuwaletea. Iandikeni.

Je, tunaweza kukataa wito au kukataa kutoa nyaraka?

Kukataa tu, hapana. Ibara ya 125 ya Katiba ya Kenya inazipa kamati uwezo wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi, kuwaapisha na kudai nyaraka. Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1927, katika shauri la McGrain dhidi ya Daugherty, kwamba uwezo wa kuchunguza na kuita mashahidi ni sehemu ya kazi ya kutunga sheria, na tangu 1857 ipo sheria inayolifanya kosa la jinai jambo la kupuuza wito wa Bunge la nchi hiyo.

Mfano wa karibuni unaostahili kusimuliwa ni wa Kanada. Mwaka 2021, Bunge lilidai nyaraka zisizofutwa maneno kuhusu wanasayansi wawili walioondolewa kwenye maabara ya taifa ya viumbehai hatari huko Winnipeg. Wakala wa Afya ya Umma haukuzitoa kama ulivyoagizwa, ukisema sheria za faragha na usalama zinauzuia. Tarehe 21 Juni 2021 mkuu wa wakala huo alisimamishwa mbele ya Bunge zima na kukaripiwa na Spika, jambo ambalo halikuwa limempata mtu asiye mbunge tangu 1913. Serikali ikaenda mahakamani kupinga agizo, kisha uchaguzi ukaitishwa, Bunge likavunjwa na shauri likaondolewa. Nyaraka zilitolewa hadharani Februari 2024, baada ya kupitiwa na wabunge wa vyama mbalimbali wakisaidiwa na majaji wastaafu.

Ninachokiona katika kisa hicho ni kwamba njia iliyotumika mwishoni ingeweza kupendekezwa mwanzoni. Mtumishi yule alibanwa kati ya sheria mbili, na wa kumtoa humo walikuwa wanasiasa.

Basi mambo ya siri yanapelekwaje?

Kwa makubaliano ya maandishi na kamati kabla ya kikao. Zipo njia kadhaa: kikao cha faragha, kusoma nyaraka chumbani bila kutoka nazo, kamati maalumu ya wabunge walioapa kutunza siri, au kufuta majina huku hoja ikibaki. Kila neno lililofutwa lipewe sababu yake. Usiandike "siri" juu ya faili zima kwa sababu ya ukurasa mmoja.

Kabla ya kudai usiri, jiulizeni: kikitoka nje, kitamdhuru nani? Kama jibu ni mgonjwa, shahidi, mwanajeshi au mpelelezi, mna hoja. Kama jibu ni mkurugenzi, hamna.

Mbunge mmoja ametuandikia au kutupigia. Tumjibuje?

Kama anauliza kwa niaba ya mwananchi, tuseme pensheni iliyokwama au leseni iliyochelewa, mjibuni kama mnavyomjibu mwananchi huyo, kwa kasi nzuri, lakini msilivushe faili lake foleni ya wengine. Hakikisheni mwananchi ameridhia taarifa zake kutolewa. Kama anauliza sera au takwimu, jibuni kwa maandishi, na wizara ipate nakala. Mbunge wa upinzani na wa chama tawala wapate jibu moja, lenye nambari zilezile. Taasisi inayotofautisha majibu kwa vyama hukosa wa kuitetea serikali inapobadilika.

Taasisi kubwa zina dawati la Bunge kwa kazi hii. Ndogo zina mtu mmoja mwenye majukumu mengine. Vyovyote iwavyo, simu zote zipite kwake na ziandikwe.

Taasisi inaruhusiwa kuwashawishi wabunge wapitishe au wakatae muswada?

Kueleza kunaruhusiwa, na ni wajibu. Kampeni ni jambo lingine. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1919 inayokataza fedha za serikali kutumika kuhamasisha umma uwashinikize wabunge, ila inaruhusu maofisa kuwasiliana na wabunge kwa njia rasmi kuhusu sheria na bajeti. Mpaka huo unafaa popote. Mwambieni mbunge muswada utawaongezea kazi gani, utahitaji watumishi wangapi, kifungu kipi hakitekelezeki na kwa nini. Msilipie matangazo, msiandae barua ili wadau watie saini zao, msiwabebe wabunge kwenye safari zinazofanana na zawadi wiki ya kupiga kura.

Makadirio ya gharama yawe ya haki hata kwa muswada msioupenda. Kuvimbisha gharama ili kuua muswada ni uongo wenye tarakimu. Baadhi ya mabunge yameamua kutotegemea serikali peke yake kwa hili: Marekani ina ofisi ya bajeti ya Bunge tangu sheria ya 1974, na Kenya nayo ina Ofisi ya Bajeti ya Bunge.

Kanuni tunazotunga chini ya sheria nazo ziende bungeni?

Ndiyo, na hapa kuchelewa kuna meno. Sheria ya Hati za Kisheria ya Kenya, ya 2013, inataka kanuni zifikishwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa. Zisipofika, zinakoma kuwa na nguvu mara tu siku hizo zinapoisha. Marekani, sheria ya 1996 inataka kanuni zifikishwe kwenye mabunge yote mawili na kwa mkaguzi wa Bunge kabla hazijaanza kutumika. Wakili wa taasisi aliyesahau kupeleka nakala anaweza kuwa amefuta kazi ya miaka 2, na faini zilizotozwa chini ya kanuni hizo zikawa mzigo mahakamani.

Uhusiano wetu na mkaguzi mkuu unaingiaje hapa?

Mkaguzi ni macho ya Bunge ndani ya vitabu vyenu. Uingereza, kwa sheria ya 1983, ilimfanya kuwa ofisa wa Bunge kabisa, na ikampa uwezo wa kuchunguza thamani ya fedha, yaani kama kilichonunuliwa kilistahili bei na kilifanya kazi iliyokusudiwa. Marekani ilianzisha ofisi yake ya ukaguzi mwaka 1921.

Hoja za ukaguzi zijibiwe wakati mkaguzi bado yuko ofisini, na vielelezo vikiwa mkononi. Malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara kamatini ni risiti "iliyopatikana" baada ya ripoti kuchapishwa. Mwenyekiti huuliza ilikuwa wapi, na hakuna jibu zuri. Mkikubaliana na hoja, semeni mmekubali na mtaje tarehe ya kurekebisha. Msipokubaliana, andikeni sababu na mwache zichapishwe pamoja na hoja.

Tumegundua tulichosema kamatini si sahihi. Tufanyeje?

Andikeni leo. Barua kwa mwenyekiti kupitia kwa katibu wa kamati: tulisema hivi, ukweli ni huu, kosa lilitokea hapa. Mwombe iingie kwenye kumbukumbu. Msisubiri taarifa ya mwaka, msitumie mazungumzo ya korido. Kosa lililosahihishwa na aliyelifanya husahaulika ndani ya wiki. Lililofichuliwa na gazeti hugeuka kuwa suala la kulidanganya Bunge, na katika mabunge mengi hilo ni kosa lenye adhabu.

Kweli kuna anayezisoma taarifa hizi?

Swali hili huulizwa kwa uchungu na watu waliokesha wakiandika, nami naliheshimu. Jibu ni kwamba nyingine husomwa sana na nyingine hazisomwi. Marekani ilifika mahali ikapitisha sheria ya 1995 ya kufuta au kuwekea ukomo taarifa nyingi za mara kwa mara zilizokuwa zikidaiwa na Bunge. Kwa hiyo mkiona taarifa imepitwa na wakati, pendekezeni rasmi iondolewe au iunganishwe na nyingine, badala ya kuiandika kwa uvivu kila mwaka.

Lakini isomwe na nani ni swali pana kuliko wabunge. Mtafiti, mwandishi wa habari, mkulima mwenye kesi ya ardhi na mtumishi atakayerithi kiti chako miaka 10 ijayo wote huzitafuta.

Mimi ni mwananchi. Nizipate wapi?

Anza kwenye tovuti ya Bunge, sehemu ya hati zilizowasilishwa mezani na taarifa za kamati, kisha tovuti ya taasisi yenyewe na ya mkaguzi mkuu. Marekani, sheria iliyopitishwa Desemba 2022 inataka taarifa ambazo idara zinatakiwa kupeleka bungeni ziwekwe mahali pamoja mtandaoni, jambo ambalo ningependa kuliona kila nchi. Kenya na Tanzania zote zilipitisha sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016, kwa hiyo kama hati haionekani, andika ombi ukitaja jina la taarifa, mwaka wake na kifungu kinachoidai. Ombi lenye kifungu ni gumu kulizungusha. Ukikosa vyote, mwandikie mbunge wako na umwombe aulize swali moja tu bungeni: taarifa hiyo iliwekwa mezani tarehe ngapi?